Kizimba cha Simbilisi cha Ghorofa Tatu Kisichoanguka

Mwenye shamba kubwa hujenga kwa kutandaza, na mwenye shamba dogo hujenga kwa kupandisha. Hiyo ndiyo sababu wafugaji wa wanyama wadogo hupenda vizimba vya ghorofa, kwani nafasi inayotosha wanyama wachache tu chini huweza kuchukua mara tatu yao ikiwa sakafu zitawekwa moja juu ya nyingine. Lakini anayejenga kwenda juu hana budi kukumbuka jambo moja ambalo anayejenga chini aweza kulisahau bila hasara: kitu kirefu huanguka.

Mzee mmoja wa huku Limuru, aliyekuwa karani kabla ya kustaafu, alijifunza jambo hilo kwa uchungu. Alikuwa na simbilisi 21, mali ya mjukuu wake wa kike. Kila walipopatikana watoto wa kutosha, huyo binti aliwauza na kununua vitabu na sare za shule. Kizimba chao kilikuwa cha ghorofa tatu, kilichoundwa kwa mbao za masanduku ya zamani. Kilikuwa na misumari mingi ajabu, hata mtu akikitazama alisema ni chuma kitupu. Juu ya paa Mzee alikuwa akiweka gunia la chakula na debe la maji, ili mbwa wasiyafikie.

Usiku mmoja wa mvua za masika upepo ulivuma kutoka bondeni. Kulipokucha kizimba kilikuwa kimelala ubavu. Simbilisi 9 walikuwa wamekufa chini ya mbao, 3 walichukuliwa na mbwa, na 2 walivunjika miguu. Saba tu ndio waliosalia wazima, wamejificha chini ya mti wa ua. Yule binti hakulia. Alisimama akauliza, "Guka, mbona kilianguka na kilikuwa na misumari mingi hivyo?"

Swali hilo ndilo ambalo makala hii yataka kulijibu.

SIMBILISI NI MNYAMA GANI

Kwa wasomaji wasiomjua, simbilisi ni mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye masikio mafupi na miguu mifupi, na uzito wa mkubwa wao ni kilo 1 hivi. Kwao hasa ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, nchi za Peru, Bolivia na Ekuado. Watu wa huko walianza kumfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika, na humwita cuy. Katika kanisa kuu la mji wa Cusco, huko Peru, iko picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata katika karne ya 18, na wengi wanaoitazama humtambua simbilisi katika sahani iliyo mezani. Upande wetu wa Afrika, jamaa nyingi katika Kivu, mashariki ya Kongo, humfuga, mara nyingi jikoni karibu na meko.

Faida yake yajulikana. Hula majani, si nafaka ya kugombania na watu. Huchukua mimba siku 68 hivi, naye huzaa watoto 2 hadi 4 kwa kawaida. Watoto huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, na baada ya siku chache huanza kutafuna majani. Samadi yake ni nzuri kwa bustani ya mboga.

Lakini anayetaka kumjengea mnyama huyu ghorofa azingatie tabia zake. Simbilisi si paka wala si panya. Hawezi kuruka juu sana, wala hawezi kupanda waya. Akianguka kutoka mahali palipoinuka huumia vibaya, kwa sababu mwili wake ni mzito na miguu yake ni dhaifu. Ni mwoga, akisikia kishindo hukimbia bila kutazama mbele. Kizimba kinachotikisika kila mlango unapofunguliwa humtia hofu siku zote, na mnyama mwenye hofu hali vizuri.

MABUA MANNE NA LA TANO

Baada ya msiba ule Mzee alikwenda kwa fundi seremala mmoja mwenye umri kama wake, akamweleza habari yote. Fundi hakushika nyundo. Aliokota mabua manne ya mahindi, akayafunga pembeni kwa ukamba hata yakawa umbo la dirisha. Akasema, "Mzee, tafadhali sukuma hapa juu kwa kidole."

Mzee akasukuma, na dirisha likalala upande mara moja.

Fundi akalinyosha tena, akafunga bua la tano kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu iliyo mkabala. "Sasa sukuma tena."

Mzee akasukuma kwa kidole, kisha kwa kiganja. Halikusogea.

"Bua hili moja," akasema Fundi, "lashinda misumari 100. Msumari hushika mbao mbili zisiachane, lakini hauwezi kuzizuia zisizunguke. Umbo la pembe nne hulala. Umbo la pembe tatu halilali mpaka mbao zenyewe zivunjike."

Msomaji yeyote aweza kulijaribu jambo hili nyumbani kwa vijiti na uzi. Ni jambo lile lile linaloshika paa za nyumba zetu na madaraja ya reli. Kizimba cha kwanza cha Mzee kilikuwa na pembe nne tupu kila upande, wala hakikuwa na mbao hata moja ya mshazari.

Kosa la pili lilikuwa miguu. Kizimba kilikuwa na urefu wa futi 6 kwenda juu, na upana wa futi 1 na nusu tu kutoka mbele hadi nyuma. Kitu ambacho kimo chake ni mara nne ya upana wake husubiri tu mtu wa kukisukuma. Kosa la tatu lilikuwa mzigo. Debe la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na Mzee aliuweka uzito huo juu kabisa, mahali ambapo huvuta kizimba kianguke. Uzito ukiwa chini hukisaidia kisimame. Ukiwa juu huusaidia upepo.

VIPIMO VYA KIZIMBA KIPYA

Kizimba alichokijenga Fundi pamoja na Mzee kina urefu wa futi 6 kwenda upande, na upana wa futi 2 na nusu kutoka mbele hadi nyuma. Nguzo za mbele zina kimo cha futi 5 na inchi 4, na za nyuma futi 5, ili paa literemke kwa nyuma. Kimo, basi, hakizidi sana mara mbili ya upana. Mkono wa mtu mzima hufika ukuta wa nyuma bila taabu, na ghorofa ya juu iko kifuani, si juu ya kichwa.

Mahitaji yake ni haya. Nguzo 6 za mbao za inchi 3 kwa 2, jumla futi 32 hivi. Mbao za inchi 2 kwa 2 za kulala, futi 80. Mbao za inchi 3 kwa 1 za mshazari, futi 24. Mbao za inchi 6 kwa 1 za sakafu, kuta na vizingiti, futi 190. Mbao za inchi 2 kwa 1 za milango, futi 48. Mabati 2 ya futi 8, yakatwe katikati kuwa vipande 4 vya paa. Bati bapa la kutengeneza masinia 6. Wavu wenye macho ya nusu inchi, bawaba, makomeo, na misumari ya inchi 3 na inchi 2. Saipresi iliyokauka yafaa kabisa. Usinunue mbao mbichi, kwa maana zikikauka hujikunja na viungo hulegea.

KUUNGANISHA

Kwanza, weka nguzo zote kando kando uzitie alama kwa pamoja, ili sakafu zisije zikapishana. Sakafu ya kwanza iwe inchi 12 kutoka chini, ya pili inchi 28, na ya tatu inchi 44. Kila penye alama kata pengo la kina cha nusu inchi upande wa ndani wa nguzo, ili mbao ya kulala iingie humo na kukaa. Wengi huliacha jambo hili kwa uvivu. Mbao iliyopigiliwa tu huning'inia kwenye misumari, na baada ya miezi misumari hulegea. Lakini mbao iliyokaa katika pengo huegemea nguzo yenyewe, na kazi ya msumari huwa ni kuizuia isitoke.

Pili, unda uso wa nyuma na uso wa mbele vikiwa vimelala chini. Kila uso una nguzo 3, moja kila mwisho na moja katikati, na mbao 4 za kulala. Kabla ya kukaza misumari hakikisha pembe ziko sawa. Ikiwa huna kipimo cha seremala, tumia kamba: pima futi 3 upande mmoja wa pembe na futi 4 upande wa pili, ikiwa kutoka alama hii hadi ile ni futi 5 kamili, pembe yako ni sahihi.

Tatu, simamisha nyuso hizo mbili na uziunganishe kwa mbao za futi 2 na nusu, tatu kwa kila sakafu na tatu chini ya paa. Sasa kitikise kizimba kwa mkono. Utaona kinayumba kama mlevi. Usivunjike moyo wala usiongeze misumari.

Nne, piga mbao za mshazari. Mbili ziwe nyuma, kwa upande wa nje, zikianzia chini ya nguzo ya katikati na kupanda moja kulia na moja kushoto hadi juu ya nguzo za pembeni. Moja iwe ubavu wa kulia na moja ubavu wa kushoto, nazo zianzie chini kabisa na kufika juu kabisa. Mbele hakuna haja, kwa sababu hapo ndipo penye milango, na mbao za sakafu zikishapigiliwa zitaushika upande huo. Kitikise tena. Mzee aliniambia kuwa alipokitikisa mara ya pili alicheka peke yake, kwa kuwa ni yeye aliyetikisika.

SAKAFU, KUTA NA MILANGO

Wafugaji wengine huweka sakafu ya wavu ili mavi yaanguke. Kwa simbilisi si vizuri. Wavu huwatia vidonda nyayoni, na miguu ya watoto hunasa. Piga sakafu ya mbao, kisha kila chumba kiwe na sinia la bati lenye kingo za inchi 2, linalovutwa kwa mbele kama mtoto wa meza. Sinia liwe jembamba kidogo kuliko nafasi iliyo kati ya nguzo. Tandika ndani nyasi kavu au randa za mbao. Kwa njia hii mkojo wa ghorofa ya juu hauwamwagikii walio chini, na mbao hazilowi. Mbao inayolowa huoza, na hakuna mshazari unaoweza kuokoa mguu uliooza.

Kuta za nyuma na za ubavuni zipigwe kwa ndani, mbao mbili kila ghorofa, na juu yake uachwe mwanya wa inchi 1 hivi wa hewa. Ukuta wa katikati hugawa kila ghorofa kuwa vyumba viwili, hivyo utakuwa na vyumba 6.

Mbele ya kila chumba weka kizingiti cha inchi 6 kinachoingia katika mfuo na kuweza kuinuliwa. Hiki ni kitu kidogo chenye thamani kubwa. Mlango ukifunguliwa, simbilisi hukimbia huku na huko kwa hofu, na asipokuta kizingiti huanguka nje. Kutoka ghorofa ya tatu huko ni kuvunjika. Kila chumba kiwe pia na kisanduku kilichogeuzwa chenye mlango, ambamo wataingia kujificha.

Usipake rangi mahali penye meno yao, maana simbilisi hutafuna mbao daima. Ukitaka kuzilinda nguzo na mchwa, paka mafuta machafu ya gari chini ya sakafu ya kwanza tu, upande wa nje.

Wako watu wanaopenda ghorofa ziunganishwe ili mnyama apande na kushuka mwenyewe. Ikiwa ni wa watoto kuchezea, yafaa. Lakini njia ya kupandia isiwe ya kusimama kama ngazi. Kwa kupanda inchi 16, ubao usipungue urefu wa futi 4, uwe na vijiti vya kushikia miguu na kingo za inchi 4 kila upande. Kwa mfugaji wa biashara, afadhali kila chumba kiwe nyumba peke yake. Wakichanganyika, hutajua ni nani aliyezaa na nani, na ndugu watazaana.

MAHALI PA KUKISIMAMISHA

Kizimba imara juu ya ardhi mbaya ni kizimba kibovu. Sawazisha ardhi, uishindilie, kisha weka jiwe bapa chini ya kila nguzo. Jaza chupa maji uilaze juu ya sakafu kuona kama pamelala sawa. Baadaye funga nguzo mbili za nyuma kwa waya mnene kwenye ukuta wa nyumba au kwenye mti uliochimbiwa. Juu ya kila jiwe weka kopo fupi lenye mafuta machafu kidogo, na mguu wa kizimba usimame ndani yake, ili siafu wasipande. Siafu wakiingia usiku katika kizimba kilichofungwa, hawaachi kitu.

Katika nchi za baridi kama Limuru, mgongo wa kizimba uelekee upepo na mbele kuelekee jua la asubuhi. Pwani na kando ya Ziwa hatari ni joto; kiweke kivulini, kwani simbilisi hufa upesi zaidi kwa joto kuliko kwa baridi.

Juu ya paa usiweke kitu chochote. Chakula kikae chini ya ghorofa ya kwanza, katika pipa lenye kifuniko.

WAKAAJI WA GHOROFA

Vyumba vinne vya chini na kati ni vya wazazi: dume 1 na majike 3 au 4 kila kimoja. Vyumba viwili vya juu ni vya vijana, majike upande mmoja na madume upande wa pili. Watoto watengwe wakiwa na wiki 3, wala usichelewe, kwa sababu jike huweza kushika mimba akiwa na wiki chache tu. Majani mabichi wapewe kila siku: nyasi, majani ya viazi vitamu, sukuma wiki, majani ya mahindi. Simbilisi, kama mwanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na akinyimwa majani mabichi huugua. Majani ya umande yaachwe kwanza yanyauke. Majani ya parachichi na ya viazi vya kizungu ni sumu, usiwape kamwe.

MAJIBU YA GUKA

Nilipokwenda kwa Mzee mara ya mwisho, mvua za masika nyingine zilikuwa zimepita. Upepo ule ule uling'oa migomba miwili na kuezua jiko la jirani. Kizimba kilikuwa palepale, na ndani yake kulikuwa na simbilisi 26, uzao wa wale 7.

Yule mjukuu alikuwa akiwapa majani. Nilimwuliza kama Guka alikwisha kumjibu swali lake. Hakuniambia neno. Aliokota mabua manne, akayafunga, akaninyoshea nisukume. Kisha akafunga la tano.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee alijenga kizimba mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alizihesabu mbao 4 za mshazari kuwa hasara, na bei ya mbao hizo haifiki bei ya wanyama aliowazika asubuhi ile. Ndugu msomaji, ikiwa unacho kizimba cha ghorofa nyumbani, kiwe cha simbilisi, cha sungura au cha kuku, nenda leo jioni ukakisukume kwa mkono mmoja. Kikiyumba, usingoje upepo uje ukujaribie.